Mtandao Hausumbui

Sentensi inayotumika vibaya kuliko zote katika Kiswahili cha miaka hii ina maneno mawili tu: "Mtandao unasumbua." Utaisikia kwa wakala wa pesa pale Buzuruga. Utaisikia kwenye kaunta ya hospitali. Utaisikia dirishani kwa mhasibu wa chuo. Utaisikia pia kwa kijana wa miaka kumi na saba aliyevaa hedifoni usiku wa manane, gari lake la kwenye mchezo limening'inia hewani kama nguo kwenye kamba. Wote wanne wanasema maneno yaleyale, kwa sauti ileile ya kukata tamaa, na mara nyingi wote wanne wanachokisema si kweli.

Sisemi kwamba wanadanganya. Mwongo lazima kwanza aujue ukweli. Hawa hawaujui, na sentensi hii ndiyo inayowapa ruhusa ya kutoujua. Itazame kisarufi. Mtenda wake ni mtandao, kitu kisicho na jina la baba, kisicho na ofisi, kisicho na namba ya simu. Kitenzi chake ni kusumbua, kitenzi tunachompa mtoto mtundu na jino bovu. Haisemi tangu saa ngapi. Haisemi wapi. Haisemi kwa nani. Imekaa kundi moja na "mvua inanyesha" na "jua linawaka", sentensi za mambo ambayo hakuna binadamu wa kuulizwa. Ukishaisema, mazungumzo yamekwisha. Aliye mbele yako anachukua mfuko wake na kuondoka, na akifika nyumbani naye anaisema.

Ninachodai ni kidogo lakini najua kitawaudhi wengi: asiyeweza kuithibitisha sentensi hii asiitamke. Na dai hili nimelipata mahali ambapo watu wazima hawapaheshimu hata kidogo, yaani kwenye seva ya mchezo wa kompyuta.

Kwa asiyezijua seva hizi, nieleze. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex kule Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika mchezo wa maandishi matupu ulioitwa MUD, na Richard Bartle akauendeleza. Watu kadhaa waliweza kuingia katika dunia moja kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye teminali yake, wakakutana, wakazungumza, wakapigana. Wajukuu wa dunia ile leo wana picha, sauti, magari na bahari. Mmoja anayependwa sana na vijana ni FiveM, programu inayomwezesha mtu kuendesha seva yake mwenyewe ya Grand Theft Auto V na kuandika sheria zake mwenyewe. Wenye mchezo, Rockstar Games, mwaka 2015 walizifungia akaunti za watu waliokuwa wakiitengeneza FiveM. Agosti 2023 haohao wakatangaza kwamba kundi la Cfx.re lililoijenga sasa ni sehemu ya kampuni yao. Dunia ndivyo ilivyo.

Kwenye seva za namna hii watu hawashindani kufunga magoli. Wanaigiza maisha. Huyu ni polisi, yule ni daktari, mwingine fundi wa magari, mwingine dereva wa daladala. Unapoingia unaacha jina lako mlangoni na kuishi na jina la mhusika wako. Seva ninayoizungumzia iliendeshwa na vijana wa hapa Mwanza, wengi wa Igoma, Nyegezi na Kirumba. Bandari ya jiji la kwenye mchezo waliifanya soko la samaki mfano wa Mwaloni. Wakaweka wavuvi, madalali, mama ntilie, na askari wa barabarani anayesimamisha kila bajaji. Salamu ilikuwa "mwangaluka" hata saa sita usiku. Kwa kijana ambaye amemaliza chuo na hana kazi, kuamka saa mbili usiku na kuwa dalali wa sangara mwenye wateja na heshima si jambo dogo. Nasema hivi mapema kwa ajili ya wale walioanza kusema "ni mchezo tu". Kwao lilikuwa jiji.

Jiji hilo lilikuwa na ugonjwa. Kila usiku kuanzia saa tatu, wachezaji walipozidi thelathini, kila kitu kiliganda. Watu walitembea papo hapo bila kusogea. Magari yalipaa. Mtu aliyekwisha kuzikwa alionekana tena amesimama sokoni akinunua dagaa. Kisha baada ya sekunde kadhaa vyote vilirudi kwa kishindo, na kwenye gumzo ikamiminika ile sentensi: mtandao unasumbua, mtandao unasumbua, wakuu mtandao leo umekuwaje. Watu walibadilisha laini za simu. Walinunua bando kubwa zaidi kwa pesa ya kula. Kijana mmoja wa Mabatini alikuwa akipanda na laptopu yake juu ya jiwe nyuma ya nyumba yao kutafuta mnara. Na wasimamizi wa seva walikuwa na dawa moja tu: zima, washa. Kila baada ya saa sita seva ilizimwa na kuwashwa upya, na kwa muda jiji lilipona.

Mimi niliitwa kwa sababu nasoma shahada ya uzamili, na kwetu mwenye uzamili hudhaniwa anajua kompyuta. Ninachosoma ni takwimu. Lakini takwimu ina swali moja linalofaa kila mahali: nani kapatwa, na nani hakupatwa?

Tukaanza na hilo. Waliopatwa walikuwa kwenye mitandao ya simu tofauti. Mmoja alikuwa Mwanza, mwingine Bukoba, mwingine Dar es Salaam, na wawili walikuwa wakisoma nje ya nchi na intaneti zao za vyuo. Wote waliganda sekunde ileile. Hapa mtu anapaswa kusimama na kufikiri. Kama kisima kimoja mtaani kina uchafu, wanaoumwa matumbo ni wanaochota hapo. Ukiona mtu wa Igoma na mtu wa Ulaya wanaumwa tumbo dakika moja, usichimbe kisima cha Igoma. Tafuta walichokula pamoja. Na kitu pekee ambacho wachezaji hawa walishirikiana kilikuwa seva yenyewe.

Tukapima pia. Seva ilikuwa ya kukodi, nayo iko Ulaya. Mwanga ndani ya waya wa faiba husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Tuseme njia ya waya kutoka Mwanza hadi huko ni kilomita 12,000: kwenda ni milisekunde 60, kurudi 60, jumla 120, kabla hata hujahesabu vituo vya njiani. Hilo ni deni la fizikia, halilipiki kwa bando. Wachezaji wetu walikuwa wakipata milisekunde 170 hadi 200. Na hapa ndipo ilipo habari: namba hizo hazikupanda kabla ya jiji kuganda. Saa mbili zilikuwa hivyo, saa tatu hivyo. Njia ilikuwa nyeupe. Mtandao, mtuhumiwa wa miezi yote ile, alikuwa kazini kwake akifanya kazi.

Sasa tukafungua logi, yaani daftari ambalo seva huandika kila inachofanya na saa iliyokifanya. Daftari hilo lilikuwepo siku zote. Lilikuwa limeandika, usiku baada ya usiku, kwamba uzi mkuu wa kazi wa seva umekwama kwa milisekunde kadhaa, mara nyingine elfu kadhaa. Hakuna aliyelisoma, kwa sababu asiyetafuta kosa hana haja ya daftari.

Uzi mkuu ni nini? Mfikirie mama ntilie mmoja mwenye upawa mmoja. Anahudumia wateja wengi kwa sababu kila mmoja anamchukua nukta chache: wali, maharage, haya pita. Foleni inakwenda hadi mteja mmoja aseme, "Mama, kabla hujanipakulia, nihesabie kwanza maharage yote yaliyomo kwenye gunia." Wote walio nyuma wanasimama. Hawakosi chakula kwa sababu barabara ya kuja kibandani ni mbovu. Wanakikosa kwa sababu ya swali la mtu mmoja.

Mteja huyo tulimpata. Ilikuwa skripti ya uvuvi, imeandikwa kwa lugha ya Lua na mtu asiyejulikana, ikauzwa na kupachikwa. Kila mvuvi alipovuta wavu, skripti iliiuliza hifadhidata: mtu huyu amewahi kuvua samaki wangapi tangu aanze? Na kwa kuwa jedwali la mavuno halikuwa na faharasa, hifadhidata ililisoma lote, mstari kwa mstari, kuanzia samaki wa kwanza wa siku ya kwanza, kumtafuta mvuvi mmoja. Mbaya zaidi, skripti ilimsimamisha mama ntilie mpaka jibu lirudi. Jedwali lilikuwa changa, hakuna aliyeona. Likakua. Usiku wavuvi wakawa wengi, na kila mmoja anahesabiwa maharage. Dawa ilikuwa mstari mmoja wa kuweka faharasa, na mistari michache ya kuifanya skripti isubiri jibu pembeni badala ya kuziba foleni. Usiku uliofuata walikuwa wachezaji hamsini na mbili na jiji halikuganda.

Sisimulii ili mjue sisi ni mafundi. Kazi ile fundi wa kawaida anaimaliza kabla chai haijapoa. Nasimulia kwa sababu ya miezi iliyotangulia. Dakika ishirini za kazi zilichelewa kwa miezi, na kilichozichelewesha ni sentensi ya maneno mawili. Ilikuwa jibu tayari, na penye jibu tayari hakuna anayeuliza swali.

Na sasa nigeukie ndugu yake wa damu: zima, washa. Huyu anapendwa kuliko hata yeye, kwa sababu anaonekana kufanya kazi. Ukiwasha upya, kumbukumbu ya muda inafutika, foleni inakatwa, wachezaji wanapungua kwa sababu wengine wamekwenda kulala, na jiji linapumua. Umetibu? Panadol inashusha homa ya malaria. Vimelea vinabaki damuni vikiendelea na shughuli zao. Na kuwasha upya kuna ubaya ambao hata Panadol haina: kunaharibu ushahidi. Kilichokuwa kwenye kumbukumbu wakati wa tukio, nani alikuwa kwenye foleni, nani alishika upawa, vyote vimekwenda. Ni sawa na kudeki chumba kabla askari hajafika, kisha kushangaa kwamba mwizi hapatikani.

Nimetaja mwizi, na hapa ndipo habari inapoacha kuchekesha. Kwenye seva ileile palikuwa na kijana, mvuvi kwa mhusika wake, ambaye pesa zake zilikuwa zinaongezeka kuliko kazi aliyofanya. Wenzake wakaona. Wakasema anatumia programu za udanganyifu. Akaitwa mwizi mbele ya jiji zima, akafungiwa, na kwa kuwa wengi walijuana hata nje ya mchezo, jina likamfuata mtaani. Usiniambie neno ni neno tu. Tunaishi katika nchi ambayo neno hilo likipigiwa kelele sokoni, mtu anaweza asifike jioni. Kijana yule alikana, na kila alipokana alionekana mkaidi.

Logi ikamtetea. Seva ilikuwa ikihifadhi pesa za mchezaji palepale zinapobadilika, lakini mzigo aliobeba, samaki na vitu vingine, ilikuwa ikiuhifadhi kila baada ya dakika kumi. Vitu viwili, saa mbili tofauti. Sasa fikiria: kijana anauza samaki wake saa tano na dakika hamsini na tano usiku. Pesa inaandikwa palepale. Kabla zamu ya kuhifadhi mizigo haijafika, msimamizi anazima seva kuponya jiji, kwa sababu mtandao unasumbua. Seva inapowaka inasoma ilichohifadhi: pesa mpya, na mzigo wa zamani. Samaki wamerudi mfukoni na pesa zimebaki. Kijana anaona samaki anauza tena, kama ambavyo wewe ungeuza. Hakuiba. Dawa ya kuzima na kuwasha ndiyo iliyokuwa inachapisha pesa, na waliokuwa wakiitoa dawa hiyo ndio waliokuwa mahakimu wake.

Alifunguliwa. Wengine walimwomba radhi, wengine walikaa kimya. Hakurudi kuwa mvuvi, sasa ni fundi wa magari. Na mfumo ukarekebishwa kwa kanuni ambayo kila mhasibu anaijua tangu enzi za daftari la mezani: kinachotoka na kinachoingia viandikwe pamoja, au visiandikwe kabisa.

Sasa toka nami kwenye mchezo. Muhula uliopita mwenzangu mmoja alilipa ada kwa simu. Alipewa namba ya malipo, akailipia, na ndani ya sekunde chache ujumbe wa kuthibitisha ukaingia. Siku ya tatu jina lake bado halikuwa kwenye orodha ya walioruhusiwa kufanya mtihani. Dirishani akaambiwa, ulishakisia, mtandao unasumbua, njoo kesho. Sitaitaja taasisi, kwa kuwa hata ningeitaja nyingine kumi zingejiona zimetajwa. Naomba tu tufikiri pamoja. Ule ujumbe wa kuthibitisha ulipita wapi kama si kwenye mtandao? Pesa ilivuka salama. Kilichokwama kilikuwa mbele ya safari: pengine faili la malipo linalosubiri mtu alipakie kwa mkono, pengine programu mbili zinazohifadhi kwa saa tofauti kama pesa na samaki wa kijana wetu. Kila moja ya hizo pengine ina mtu anayeweza kuirekebisha. Sentensi ile ilimficha mtu huyo, ikamwacha mwanafunzi amesimama juani akiuchukia mnara wa simu usio na hatia.

Najua pingamizi la kwanza: mtandao husumbua kweli. Naam, husumbua. Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Lakini tazama nilivyoweza kuisema: siku, nyaya, upande wa bahari. Mtandao unaposumbua kweli huwa na tarehe na mahali. Asiyekuwa navyo, anakisia.

Na kuna siku ambazo neno kusumbua ni tusi kwa akili zetu. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Nilisikia watu wazima, wenye shahada, wakisema kwa mazoea kwamba mtandao unasumbua. Ndugu zangu, hapana. Kuzimwa ni kitenzi cha kutendwa, na kitenzi cha kutendwa kina mtenda hata asipotajwa. Jamii iliyozoea kuuita kila mkwamo hali ya hewa, siku mkwamo ukiwa uamuzi wa watu haitakuwa na neno la kuutofautisha. Ndiyo maana nasema tatizo hili si la wachezaji wa kompyuta.

Pingamizi la pili ni la watu wa huduma, na nawaheshimu kwa kuwa wao ndio wanaotukanwa. Wanasema: mteja hahitaji maelezo, anahitaji huduma. Msichana wa dirishani hakuandika programu, hana mamlaka ya kufungua logi, bosi wake amemwambia aseme hivyo. Nakubali yote. Simdai faharasa. Namdai kalamu. Aandike saa tatizo lilipoanza, namba ya malipo iliyokataa, na kama mteja aliyetangulia alipita au hakupita. Mambo matatu hayo, kwenye daftari la shilingi elfu moja, yanamfaa fundi kuliko kifaa cha mamilioni. Mtu asiye na mamlaka ya kurekebisha bado anaweza kuwa shahidi, na tumeufanya ushahidi uonekane kazi ya watu wengine.

Pingamizi la tatu linatoka kwa mafundi wenyewe: hatuna muda, tukianza kuchunguza watu wanalala bila huduma. Hawa nawajibu kwa ukali kidogo. Mnabadilisha vitu vitano kwa wakati mmoja. Mnawasha upya, mnaongeza kumbukumbu, mnabadilisha toleo, mnafuta kache, mnahamisha seva, na ikipona hamjui ni kipi kiliponya. Mgonjwa akinywa vidonge vya hospitali, mizizi ya mganga na maji ya maombi siku moja, akipona kila mmoja anadai sadaka yake. Na akiugua tena, hakuna anayejua arudi kwa nani. Badilisha kitu kimoja. Tazama. Andika. Kisha jaribu kulirudisha kosa kwa makusudi, kwa sababu kosa usiloweza kuliita likaja, huwezi kuapa kwamba umelifukuza. Hicho mnachokiita kukosa muda ndicho kinachowala muda.

Historia ya kazi hii ina hadithi inayopendwa. Septemba 9, 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, mafundi wa kompyuta iliyoitwa Mark II walikuta nondo amenasa kwenye swichi ya mashine. Kiingereza kilikuwa kimeshaliita kosa la mashine mdudu miaka mingi kabla yake, na ndio utani wenyewe: safari hii mdudu alikuwa wa kweli. Hapa Mwanza, ambapo wadudu wa ziwa huinuka kama moshi na kuzima hata taa za kibarazani, tungemfuta kwa kitambaa na kuendelea. Wao walimbandika kwa utepe kwenye daftari la kazi, wakaandika saa. Daftari hilo limehifadhiwa mpaka leo kwenye makumbusho. Watu hukumbuka nondo. Mimi nakumbuka utepe.

Na kama bado unaona daftari ni mambo ya wapenda michezo, nikupeleke ziwani, kwa heshima, kwa kuwa sitaki kufananisha mchezo na msiba. Alhamisi ya Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kutia nanga kisiwani Ukara, kikitokea Bugorora, Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Ilikuwa miaka 22 baada ya MV Bukoba kuzama karibu na jiji letu, miaka 22 ya kujua kwamba meli hujazwa na orodha hazijazwi. Siku zile, ndugu walipokuwa ufukweni wakisubiri, swali rahisi kuliko yote halikuwa na jibu: walikuwemo wangapi? Iliripotiwa kwamba mkata tiketi alikuwa miongoni mwa waliofariki na mashine iliyorekodi tiketi ilipotea. Daftari lilikuwa ndani ya chombo, na chombo kilikwenda nalo.

Kila anayeendesha seva hufundishwa jambo hili mapema: logi usiihifadhi kwenye mashine ileile inayoweza kufa. Ipeleke kwingine, kila dakika, ili siku mashine ikifa daftari liseme. Kanuni hii haigharimu mabilioni. Nakala moja ya orodha ingebaki gatini, mikononi mwa mtu asiyesafiri. Kijana wa Igoma anayelinda samaki wasiokuwepo analijua hilo, na analifanya. Sioni kwa nini tumdai yeye zaidi kuliko tunavyowadai wenye vyombo vinavyobeba mama zetu.

Kwa hiyo msinishawishi kwamba vijana hawa wanapoteza muda. Wazazi wanaowafokea kwa kukesha na wahadhiri wanaowacheka waje waone jinsi mtoto wa miaka kumi na tisa anavyokataa kauli isiyo na saa. Kwenye jiji lile siku hizi ukiandika "mtandao unasumbua" unajibiwa na watu watano: tangu saa ngapi? Wewe tu au na wenzako? Ulikuwa unafanya nini? Ukishindwa kujibu, unachekwa, kisha unasaidiwa kutafuta majibu. Hakuna somo la uraia nililopewa darasani lililofikia hapo.

Maswali hayo matatu hayahitaji kompyuta. Yachukue uende nayo kwa wakala, benki, zahanati, chuoni, gatini. Uliza kwa adabu, shikamoo ikianza, kwa kuwa aliye dirishani si adui yako. Tangu saa ngapi? Kwa nani wengine? Mmeandika wapi? Mara ya kwanza utatazamwa kama mtu mwenye kesi. Mara ya kumi, kama tutakuwa wengi, kuna mtu ofisini atachoka kuulizwa, atafungua daftari jipya, na juu ya ukurasa wa kwanza ataandika tarehe na saa.